Bodi na fedha katika kituo cha sanaa za nguo kisichogawana faida: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoendesha vituo vya batiki, tai-dai, ufumaji wa vikoi na ushonaji. Ninayejibu nimekuwa mweka hazina wa kituo kimoja kwa miaka tisa, na kabla ya hapo nilikuwa nachovya vitambaa mwenyewe. Karibu kila jibu linarudi kwenye swali ambalo kwangu ndilo mama wa maswali yote ya fedha katika kituo cha namna hii: shilingi hii iliyo mkononi mwetu ni ya nani? Chini ya paa moja mna hela ya fundi, hela ya mfadhili, hela ya Serikali na hela ya kituo chenyewe. Zikiwa kwenye droo, zote zinafanana.

Mambo ya sheria yaliyomo humu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na Kenya ina Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, ambayo ilianza kutumika rasmi tarehe 14 Mei 2024.

Tukisema kituo hakigawani faida, ina maana hatutakiwi kupata faida?

Hapana, na kutoelewa jambo hili kumeua vituo vingi. Neno zito hapo ni kugawana. Kituo kinaweza kufunga mwaka kikiwa na ziada ya milioni nane na kikawa hakijavunja chochote. Kosa linaanza pale ziada hiyo inapogawanywa kwa wajumbe, kwa waanzilishi au kwa ndugu zao badala ya kurudi kwenye kazi ya kituo. Kituo kinachofunga kila mwaka kwa sifuri hakina cha kununulia nta ya kuchorea batiki bei ikipanda, wala cha kutengenezea kitanda cha kufumia kikivunjika.

Neema Crafts ya Iringa ni mfano ambao wengi tunaujua. Ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Pembeni ya karakana waliweka duka, mkahawa na nyumba ya wageni. Mgeni anayeagiza chai kwa mhudumu kiziwi anachangia karakana bila kuombwa msaada. Hiyo ni biashara, na ndiyo inayoibeba karakana.

Tujisajili wapi?

Kwanza jiulizeni mnataka kuwa nani. Kama ni mafundi kumi mnaofanya kazi pamoja na kugawana mnachouza, ninyi ni kikundi. Sajilini kikundi halmashauri. Hapo mtakuwa na sifa ya kuomba ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Shirika lisilo la kiserikali halichukui mkopo huo, ila kikundi cha mafundi wanaofanya kazi ndani ya kituo kinaweza kuuomba kwa jina lao wenyewe.

Kama mnataka kituo chenye bodi, chenye mafunzo, kinachopokea ruzuku na ambacho hakina mwenyewe, njia ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002. Usajili unaweza kuwa wa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, na pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii. Marekebisho ya 2019 yaliweka ukomo wa cheti kuwa miaka kumi, kisha kinahuishwa. Marekebisho hayo hayo yaliifunga njia ya zamani ya kusajili kazi kama hii BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kampuni yenye ukomo wa dhamana, kwa hiyo anayewashauri mpite huko anatumia maarifa yaliyopitwa na wakati.

BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984, ni suala jingine. Kusajiliwa huko kunawatambua kama wadau wa sanaa, lakini hakuchukui nafasi ya cheti cha Msajili wa Mashirika.

Mama aliyeanzisha kituo alitoa nyumba yake na mtaji wake. Je, si chake?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu jibu la sheria linauma na anayeumia ni mtu aliyetenda wema. Shirika likishasajiliwa linakuwa mtu kisheria. Linamiliki mali, linashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Vitanda vya kufumia vilivyonunuliwa kwa jina la shirika ni vya shirika, hata kama mwanzilishi ndiye aliyevibeba kichwani kutoka stendi.

Nimeona mambo mawili yakisaidia. La kwanza ni kuandika tangu mwanzo alichokitoa na kwa namna gani. Nyumba yake ameikopesha, ameipangisha au ameitoa moja kwa moja? Cherehani sita ni zawadi au atazihitaji siku moja? Mkataba wa ukurasa mmoja, wenye saini yake na ya mwenyekiti, unaokoa urafiki wa miaka ishirini. La pili ni kumpa heshima isiyo na hundi. Aitwe mlezi, afungue maonesho, ushauri wake usikilizwe. Lakini asiwe mwenyekiti, mkurugenzi na mtia saini kwa wakati mmoja. Mama anayekataa kushuka katika kimojawapo kati ya vitatu hivyo bado hajakitoa kituo kwa umma, na bodi ina wajibu wa kumwambia hivyo kwa adabu, uso kwa uso, kabla mfadhili hajaliuliza.

Bodi iwe na watu wangapi, na akina nani?

Saba wanatosha. Watano wanaweza kukosa akidi mmoja akisafiri na mwingine akiugua. Kumi na moja ni mkutano wa hadhara.

Tafuta mtu mmoja anayesoma mizania, ile taarifa ya mali na madeni, bila kutafsiriwa, mmoja anayejua mikataba, mmoja aliyewahi kuuza kitu kwa watalii au kwa maduka, na wawili wanaojua kazi yenyewe: mtu anayeweza kushika kitambaa na kusema hii rangi haikukaushwa sawasawa kabla ya kutolewa nta. Mafundi wawe na mjumbe waliyemchagua wao, siyo aliyeteuliwa na mkurugenzi. Kwetu mjumbe huyo hutoka nje pale bodi inapopanga viwango vya malipo ya ufundi, kwa kuwa hapo anaamua hela yake mwenyewe. Kwenye mengine yote ana kura kamili. Ndiye aliyetuambia, mwaka wangu wa pili, kwamba ripoti nzuri ya mauzo iliyokuwa mezani ilikuwa na hela za mafundi za miezi miwili ambazo hazijalipwa.

Muda wa ujumbe uwe miaka mitatu, unaorudiwa mara moja tu, na wajumbe wasiondoke wote mwaka mmoja.

Mjumbe wa bodi ana duka la nyuzi na rangi. Tununue kwake?

Mnaweza, iwapo alilitangaza hilo na likaandikwa kwenye muhtasari, zikaletwa bei za maduka matatu, naye hakuwepo wakati wa kuamua. Kikikosekana kimoja, nunueni kwingine hata kama ni ghali kidogo.

Wajumbe wapewe posho ya kikao?

Najua hapa nitawaudhi wengine. Msimamo wangu ni nauli halisi na chakula, basi. Bodi ya watu saba ikikutana mara nne kwa mwaka kwa posho ya elfu hamsini, hiyo ni milioni moja na laki nne. Katika kituo kidogo ni mshahara wa mtu kwa miezi kadhaa. Tena posho huzaa vikao: mara kikao cha dharura, mara cha kamati, mara cha kuandaa kikao. Kama mfadhili ameitenga kwenye bajeti yake, ipokeeni na iandikeni. Isitoke kwenye mauzo ya vitambaa.

Mpaka kati ya bodi na mkurugenzi uko wapi?

Bodi inapitisha bajeti, inaajiri na kumwachisha mkurugenzi, inasoma hesabu kila robo mwaka, na inaamua jambo lolote linalozidi kiwango cha fedha ilichokiandika. Mkurugenzi anaendesha. Mwenyekiti anayekuja karakanani Jumanne kuwaambia mafundi wachanganye buluu zaidi amevuka mpaka. Mkurugenzi aliyesaini mkataba wa kupanga jengo kwa miaka mitano bila bodi kujua amevuka mpaka kwa upande wake.

Mishahara imekwama na kwenye akaunti kuna hela ya mradi. Tunaweza kuikopa kisha tuirudishe?

Hapana. Nitaeleza kwa nini, maana tuliwahi kufanya hivyo na mimi nilikuwa mmoja wa waliotia saini.

Tulikuwa tumepewa milioni tisa za kununulia vitanda vinne vya kufumia. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki, duka halina mtu. Tukachukua milioni tatu na laki mbili tukalipa mishahara, tukiambiana kwamba Julai wageni wakija tutarudisha. Julai wageni walikuja kweli, lakini mauzo yakaenda kununua majora ya kitambaa cha marekani, kwa sababu bila kitambaa mafundi wangekaa bure. Septemba akaja ofisa wa mfadhili akaomba kuona vitanda vinne. Vilikuwepo viwili. Mkurugenzi aliniangalia, nami nikaangalia sakafu.

Tulisema ukweli, tukaandika barua, tukarudisha kidogo kidogo kutoka dukani kwa miezi kumi na minne. Vitanda vikanunuliwa. Awamu ya pili ya mradi hatukuipata. Mafundi wanane waliokuwa wameahidiwa mafunzo katika awamu hiyo hawakuyapata, na hao hawakuwa wamesaini chochote.

Tangu hapo kila mfuko una safu yake kwenye kashibuku, na ukurasa wa kwanza wa taarifa ya robo mwaka kwa bodi hauanzi na salio la benki. Unaanza hivi: benki ina 11,400,000, kati ya hizo, za wafadhili kwa kazi maalumu ni 7,900,000, za mafundi ambao vitu vyao vimeuzwa ni 1,650,000, za TRA (kodi) na NSSF (hifadhi ya jamii) ni 480,000, za kituo ni 1,370,000. Mjumbe anayeona milioni kumi na moja atapendekeza tununue gari. Anayeona milioni moja na laki tatu atauliza mwezi ujao tutalipaje umeme. Naomba sana, kama hutachukua kitu kingine humu, chukua ukurasa huu.

Na kama mambo yamebana kweli, mwandikie mfadhili kabla, siyo baada. Wapo wanaokubali sehemu ya fedha ihamishwe kwenda kwenye gharama za uendeshaji, ila kwa maandishi.

Tuwe na akaunti ngapi, na nani atie saini?

Mbili zinatosha kwa kuanzia: ya ruzuku na ya uendeshaji. Watia saini wawe watatu, na hundi au malipo ya mtandaoni yahitaji wawili kati yao. Wawili hao wasiwe mtu na mkewe au dada na kaka. Anayeandaa hati ya malipo asiwe mmoja wao. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki, ufanyike kila mwezi na usomwe na mtu mwingine asiyeuandaa.

Hela ya simu ndiyo inayovuja sana siku hizi. Mteja anamtumia muuzaji kwenye namba yake binafsi kwa sababu ya kituo haina mtandao, muuzaji anasema atapeleka kesho. Chukueni namba ya malipo ya biashara kwa jina la kituo, bandikeni ukutani, na kataeni nyingine zote, hata kwa mteja wa siku nyingi. Masurufu ya matumizi madogo yawe na kikomo na yahesabiwe Ijumaa mbele ya mtu wa pili.

Mafundi wanaleta vitu vyao dukani kwa mali kauli. Tunaviandikaje?

Mali kauli, yaani vitu kuachwa dukani na kulipwa vikishauzwa, ni uaminifu, na uaminifu usioandikwa hugeuka ugomvi. Fundi akileta vitambaa kumi, apate kadi yenye idadi, bei waliyokubaliana na tarehe, na nakala ibaki dukani. Vitambaa hivyo si mali ya kituo. Mkihesabu stoo mwisho wa mwaka msivitie kwenye mizania. Kinachoingia kwenye mapato ya kituo kikiuzwa ni kamisheni tu. Kilichobaki ni deni kwa fundi tangu dakika ile mteja alipolipa.

Wengi wanaandika mauzo yote kama mapato ya kituo, kisha malipo ya fundi kama matumizi. Vitabu vinaonekana vinene, wafadhili wanafurahi. Lakini hela ya fundi inakuwa imeingia kwenye chungu kimoja na ya kituo, na mwezi mbaya ukija italiwa. Nayo ndiyo hela ya ada na ya unga.

Kwetu fundi analipwa kila Ijumaa kwa vilivyouzwa mpaka Alhamisi. Kisichouzwa kwa miezi minne anarudishiwa, kwa kuwa huenda ana soko kwingine. Lipo pia suala dogo ambalo halikosi kuleta maneno: kitambaa kilichotundikwa dirishani kikapauka kwa jua. Hasara ni ya kituo. Fundi hakukitundika yeye.

Bei ya kitambaa tuipange vipi?

Chukua kitambaa cha meza cha batiki. Tuseme nguo yenyewe ni 8,000, rangi pamoja na haidro na kostiki (dawa za kuchanganyia rangi) ni 2,500, nta 1,500, mkaa wa kuyeyushia nta na kuchemshia 1,000, na ufundi 6,000. Jumla ni 19,000. Vituo vingi vinaishia hapo, vinauza kwa 22,000 na kushangilia faida ya 3,000.

Lakini nani amelipa pango? Maji ya kusuuza mara nne, mshahara wa dada wa dukani, umeme, mfuko wa karatasi, kipande kilichoharibika kwa sababu nta ilipasuka vibaya? Ukijumlisha gharama hizo kwa mwaka na kuzigawa kwa kazi mnayotoa, tuseme zinafika asilimia thelathini ya gharama za moja kwa moja, yaani 5,700. Kitambaa kimewagharimu 24,700. Kila mnapouza kwa 22,000 mnatoa 2,700 za mtu mwingine. Ndiyo maana kuna vituo vinavyouza sana na kufilisika haraka: kila mteja anaondoka na kipande cha ruzuku.

Mkigundua hivyo, jambo la kwanza litakalopendekezwa ni kupunguza hela ya ufundi. Bodi ikatae. Pandisheni bei, tengenezeni kitu chenye kazi ndogo zaidi, au acheni kabisa bidhaa hiyo. Sisi tuliacha mapazia. Yalikuwa mazuri na kila mgeni aliyapiga picha, lakini kila jozi ilitutia hasara.

Kuna bidhaa mtakayouza kwa hasara kwa makusudi, kwa mfano kazi za wanafunzi wa miezi mitatu ya kwanza. Hiyo ni gharama ya mafunzo, na iandikwe hivyo kwenye bajeti ya mafunzo.

Miezi ya masika tunaishije?

Batiki inataka jua. Kuanzia Machi mpaka Mei kitambaa kinakaa kambani siku tatu, wageni hawapo, na mishahara haijui mvua. Hili halikutokea kwa bahati mbaya mwaka jana. Linatokea kila mwaka, kwa hiyo lionekane kwenye bajeti. Gaweni bajeti kwa miezi kumi na miwili halisi, msichukue ya mwaka mkagawa kwa kumi na mbili. Mkiziandika safu mwezi kwa mwezi mtaona Aprili ni nyekundu tangu Oktoba, na mna muda wa kufanya jambo.

Sare za vikundi kwa ajili ya Machi 8 na za Mei Mosi hutusaidia sana, ila oda zichukuliwe Januari na malipo ya awali yawe nusu. Hela hiyo ya awali pia si yenu mpaka mzigo utoke. Maonesho ya Sabasaba na msimu wa wageni kuanzia Juni mpaka Oktoba ndio wakati wa kujaza akiba. Tunza sehemu ndogo isiyoguswa: kama gharama zisizokwepeka ni milioni nne kwa mwezi, akiba ya miezi mitatu ni milioni kumi na mbili. Ukiweka asilimia tano ya mauzo ya milioni tano kila mwezi, ni 250,000, na itachukua miaka minne. Ni mwendo wa polepole, lakini sijaona mwingine usiohitaji muujiza.

Stoo tuhesabu mara ngapi?

Kila mwezi vitu vya gharama, yaani majora, rangi na nyuzi; kila kitu mara moja kwa mwaka. Jora lipimwe likifika, maana mita zilizoandikwa na mita zilizopo ni mambo mawili. Haidro ikishapata unyevu imekufa, hivyo kopo lililofunguliwa miezi sita iliyopita lisihesabiwe kama zima hata kama limejaa. Nyuzi zinapotoka zipimwe kwa mizani, na kikoi kinaporudi kipimwe pia.

Sisi si wafanyabiashara. Kodi inatuhusu?

Inawahusu tangu siku mnapoajiri mtu wa kwanza. Cheti cha Msajili hakiwapi msamaha wa kodi. Hayo ni makaratasi mawili tofauti. Kutambuliwa kuwa taasisi ya hisani kunaombwa TRA, chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, na Kamishna ndiye anayetoa uamuzi kwa maandishi. Kifungu hicho kinazungumzia kuondoa umaskini na dhiki, kuendeleza elimu, na huduma za jamii kama afya na maji. Sanaa hutaikuta hapo. Kwa hiyo katiba inayosema tu kwamba lengo ni kukuza sanaa za nguo itawapa kazi ngumu. Kama mnafundisha ufundi wanawake wasio na kipato, na ndicho mnachokifanya, katiba iseme hivyo waziwazi. Hata mkitambuliwa, mapato ya duka yanaangaliwa kama biashara, ila kinachotumika kwenye kazi za hisani kinaondolewa wakati wa kukokotoa.

Mengine kwa ufupi: kodi ya mishahara, NSSF jumla ya asilimia 20, ambayo kwa kawaida mwajiri na mfanyakazi hugawana nusu kwa nusu, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kodi ya zuio (ile mnayoikata kabla ya kumlipa mtu) ya asilimia 10 kwenye pango na 5 kwenye malipo ya huduma kwa mkazi. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inaanza mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa Julai 2023. Sheria ya Fedha hubadilika kila Julai, kwa hiyo mhasibu wenu aisome kila mwaka.

Fundi analipwa kwa kipande. Ni mwajiriwa?

Msiangalie mkataba unasemaje, angalieni anavyofanya kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hata likiwepo jambo moja tu kati ya yaliyotajwa: mnampangia namna na saa za kazi, anatumia vifaa vyenu, anawategemea ninyi kwa kipato, au amewafanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku sita za kazi. Fundi anayekuja kila asubuhi kufuma kwenye kitanda chenu ni mwajiriwa, na michango yake ilipwe. Anayechovya nyumbani kwake kwa rangi aliyoinunua na kuleta dukani kwa mali kauli ni jambo jingine.

Lazima tukaguliwe?

Shirika linatoa taarifa kwa Msajili kila mwaka, pamoja na ada. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018 zinadai uwazi zaidi kwa fedha zinazozidi milioni 20: mkataba wa ufadhili upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi tangu kusainiwa, na umma ujulishwe fedha zilizopokelewa na zilivyotumika. Mkaguzi awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, na achaguliwe na bodi, siyo na mhasibu anayekwenda kukaguliwa.

Hati safi, yaani maoni ya mkaguzi kwamba hesabu ziko sawa, ikija, msiishie kuifunga kwenye fremu. Iombeni barua ya mkaguzi kwa menejimenti, ile inayoorodhesha kasoro, na bodi iisome yote.

Mchoro uliobuniwa kituoni ni wa nani?

Uandikeni kwenye mkataba kabla haujawa maarufu. Sisi tumekubaliana kwamba mbunifu anabaki na jina na haki yake, kituo kina ruhusa ya kuutumia, na kampuni ikiutaka kwa kitenge cha kiwandani, malipo yanagawanywa kwa kiwango kilichoandikwa. Usajili wa kazi unafanyika Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Kumwambia mtu aliyebuni kwamba ni kazi ya wote ni kumnyang'anya, hata likisemwa kwa sauti ya upole.

Kiwanja na jengo tulilopewa, tuwe na wasiwasi?

Ndiyo, mpaka karatasi iwe mkononi. Walio na umri wangu wanaikumbuka Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, mahali alipofanyia kazi George Lilanga na wasanii wengine wengi. Batiki zilikuwepo, michoro ilikuwepo, ngoma za jioni zilikuwepo. Jengo lile halipo tena. Kila ninapopita pale najiuliza kituo chetu kina nini kinachokishikilia ardhini. Ulizeni hati ni ya jina la nani, muda wake unaisha lini, na kama ni ahadi ya mdomo ya kiongozi, yuko madarakani hadi lini.

Kituo kikifungwa, mali inakwenda wapi?

Katiba iwe na kifungu kinachosema mali itakwenda kwa shirika lingine lenye malengo kama yenu, siyo kwa wajumbe. Madeni yalipwe kwanza, na la kwanza kabisa liwe la mafundi. Lakini siku hiyo ugomvi hauanzi kwenye katiba, unaanza kwenye vifaa: cherehani hii ni yangu, kitanda kile nilikuja nacho. Kwetu kila kifaa kina namba iliyochorwa kwa rangi ya mafuta, na ukutani karibu na mlango kuna orodha: namba, mwaka kilipofika, kilinunuliwa kwa fedha ya nani. Namba 14 ni kitanda cha bibi mmoja aliyetuazima mwaka wa kwanza. Kila Januari tunamuuliza kama anakihitaji.